MGENI APEWE JEMBE, ASINYANG'ANYWE SAHANI TU



Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii inapendwa sana siku hizi na watu wa ofisini. Kila mara posho ya wakimbizi inapopunguzwa, utaisikia mkutanoni, kwamba sasa imefika siku ya tatu, watu waache kula bure, waende kazini. Sisi wafanyakazi hatuna ugomvi na methali hiyo. Tunauliza jambo moja tu: jembe liko wapi? Wazee hawakusema siku ya tatu mnyang'anye sahani. Walisema mpe jembe. Anayempokonya mtu sahani bila kumkabidhi jembe hajamfundisha kazi, amemfundisha njaa, na njaa mtu huyo alikwisha ijua tangu alipotoka kwao.

Nataka kusema wazi katika ukurasa huu kwamba kumtoa mtu mzima asiyesoma kwenye posho na kumwingiza kwenye kazi ya mshahara ni kazi kama kazi nyingine. Ina vifaa vyake na hatua zake, na haifanyiki kwa kufuta majina katika orodha. Tena nataka kusema kwamba chama chetu cha wafanyakazi kinapaswa kuishika kazi hii kwa mikono miwili, kwa sababu ikifanywa vibaya sisi ndio wa kwanza kuumia.

POSHO INAVYOKATWA

Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, wengi wao kutoka Sudan Kusini na Kongo. Ndugu wa Kongo, ambao wengi wanasema Kiswahili kama sisi wa mashambani, wako hasa katika makazi ya Nakivale, Kyaka II, Rwamwanja na Kyangwali. Upande huo wa magharibi ndiko kuliko na mashamba mengi ya chai, na ukielekea Bunyoro utakuta miwa. Ndiyo maana tunakutana nao kila siku getini, alfajiri, kila mmoja na panga lake na mfuko wake wa nailoni.

Kwa miaka mingi mkimbizi alipewa na serikali kiwanja cha kujenga na kulima, na Shirika la Chakula Duniani la Umoja wa Mataifa likampa posho, ya chakula au ya fedha taslimu. Ilifikiriwa kwamba kiwanja na posho vikisaidiana, mtu atasimama kwa miguu yake. Lakini watu wameongezeka na ardhi haikuongezeka. Kiwanja cha mita 30 kwa 30, ukiondoa nyumba, choo na njia, hakiwezi kulisha mama na watoto sita hata mvua ikinyesha kwa wakati wake. Na walio wengi kati ya waliofika karibuni hata hicho wanakitamani.

Wakati huohuo fedha za wafadhili zikawa zinapungua. Mwezi wa Aprili 2020 posho ilikatwa kwa asilimia 30. Februari 2021 kilichokatwa kikafika asilimia 40. Julai 2023 watu wakagawanywa mafungu matatu: walio dhaifu kabisa wakapewa asilimia 60 ya posho ya zamani, fungu la pili, ambalo ndilo lililokuwa kubwa, wakapewa asilimia 30, na fungu la tatu wakaambiwa kwamba wanajitegemea, wasipewe kitu. Mwaka 2025 watu wapatao milioni moja wakaondolewa katika ugawaji.

Tazameni neno hilo, "wanajitegemea". Kujitegemea ni neno zuri, na sisi wa vyama vya wafanyakazi tumelitumia tangu zamani. Lakini mtu hajitegemei kwa sababu karani amelihamisha jina lake kutoka fungu la pili kwenda fungu la tatu. Jana alilala hana kazi. Leo ameamka hana kazi na hana posho. Hilo tu ndilo lililobadilika.

KWA NINI JAMBO HILI NI LETU

Wapo wanachama watakaouliza: hayo yanatuhusu nini sisi wenye kazi? Yanatuhusu sana. Mtu aliyenyimwa posho juzi hawezi kubishana juu ya malipo. Akiambiwa palilia mstari huu kwa nusu ya bei ya jana, atapalilia. Akiambiwa mshahara utatoka mwezi ujao, atangoja. Na mnyapara akishamwona mmoja anakubali nusu ya bei, kesho atakuja kwako na kwangu kutuambia: huyu anakubali, wewe una nini?

Tukumbuke pia kwamba hapa Uganda hatuna ukuta wa kuzuia mishahara isianguke. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa mwaka 1984 ni shilingi 6,000 kwa mwezi. Kiasi hicho leo hakifikii kilo mbili za sukari, sukari ileile tunayoivuna na kuisaga sisi wenyewe, na hapo hujakumbuka kwamba fedha ya wakati ule ilibadilishwa mwaka 1987 kwa kukatwa sufuri mbili. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kima kipya, lakini Rais hakuutia saini. Kwa hiyo kinachotulinda ni mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri, basi. Na mkataba huo una nguvu pale tu ambapo watu wanaofanya kazi shambani wako ndani ya chama. Wakijaa nje ya chama watu wenye njaa, mkataba wetu ni karatasi.

Lipo na jambo jingine lililofichika, ambalo waajiri wabaya wanalijua kuliko sisi. Mkimbizi anayefanya kazi ya leja-leja anaogopa kuonekana. Anafikiri kwamba jina lake likiandikwa katika orodha ya mishahara, atahamishwa fungu na wanawe watakosa hata ile posho kidogo iliyobaki. Basi anaomba asiandikwe. Asiyeandikwa hana mkataba, hachangiwi katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, akikatwa na panga hana fidia, na hawezi kujiunga na chama kwa kuwa hata uanachama ni kuandikwa jina. Mwajiri anayetaka vibarua wa bei rahisi hahitaji kuwatisha. Hofu ya kupoteza posho imekwisha kumfanyia kazi hiyo. Hivyo posho kidogo inayotolewa kwa masharti ya kutisha inamfunga mtu mahali pabaya zaidi: hashibi kwa posho na hawezi kudai haki kazini.

MWEZI WA KWANZA

Nimekwisha kuzungumza na watu wengi getini, nikiwauliza ni nini hasa kinawashinda. Wasomi wanadhani jibu ni uvivu au ukosefu wa kazi. Ninalolisikia mara nyingi ni jambo dogo kuliko hayo: mwezi wa kwanza.

Mtu akiajiriwa leo, mshahara wake wa kwanza utatoka baada ya siku 30, na pengine 35 au 40 karani akichelewa. Je, siku hizo atakula nini? Atawaachia watoto nini? Anayefanya leja-leja katika mashamba ya wenyeji analipwa jioni ileile, pengine kwa debe la mihogo. Ni kidogo, lakini kinaingia chunguni siku hiyohiyo. Ndiyo maana unamwona mtu anaacha kazi ya mwezi katika shamba kubwa, ambayo ina nyumba na zahanati, anarudi kwenye leja-leja. Mnyapara husema, "Watu hawa hawataki kazi." La hasha. Wanaitaka, ila hawawezi kungoja kwa tumbo tupu.

Sisi watu wa mashambani hatuna budi kulielewa hili kuliko wengine, kwa kuwa hata hapa Uganda neno posho limekuwa jina la chakula chenyewe. Tunaposema posho na maharage tuna maana ya ugali. Neno hilo halikuanguka kutoka mbinguni. Limetoka katika unga waliogawiwa vibarua wa zamani, kwa sababu mwenye shamba alijua kwamba mtu hawezi kukata miwa mwezi mzima akingojea mshahara bila kula. Wenye mashamba wa siku zile hawakuwa na huruma. Walikuwa wanajua hesabu tu. Basi wanaopanga mambo ya wakimbizi nao wajue hesabu hiyo: posho ya mtu isikatwe siku anapoajiriwa, iendelee miezi mitatu, mpaka mshahara wa kwanza, wa pili na wa tatu uwe umeonekana. Na mwajiri naye alipe kila wiki katika mwezi wa kwanza. Hayo mawili hayamfilisi mtu yeyote, na yatawaweka watu kazini kuliko semina kumi.

UJUZI USIO NA KARATASI

Jambo la pili ni kwamba tunawaita watu hawa "wasiojua kitu" kwa sababu hawakusoma. Mimi mwenyewe elimu yangu iliishia darasa la saba, na nimekwisha kuwaona watu wa digrii wasioweza kufunga mnyororo wa mashini. Kati ya wanaopalilia chai leo kwa bei ya mwisho, wapo waliokuwa waashi huko Bunia, wapo mafundi cherehani, wapo waliotengeneza injini za mitumbwi ziwani, wapo akina mama waliosindika mawese tangu utoto. Hawana cheti. Na wengine walikuwa nacho, kikaungua pamoja na nyumba.

Ndugu, hapa Uganda njia ipo ya kumpima mtu kwa mikono yake. Chini ya sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 2008, Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwandani ilianza kuwapima wafanyakazi ambao hawakupita shuleni, na anayefaulu akapewa kijitabu kinachoitwa Worker's PAS, ambacho kinaandikwa kazi anazoziweza. Mpimaji anakupa matofali na anatazama unavyojenga. Anakupa kitambaa na anatazama unavyokata. Hakuulizi uliishia darasa gani. Tangu ije sheria mpya ya mwaka 2025 upimaji umewekwa chini ya bodi moja ya taifa, lakini maana yake ni ileile: ujuzi wa mikono nao ni elimu, na unaweza kuandikwa.

Sasa niulize, ni wanachama wangapi wa chama chetu wenye kijitabu hicho? Tusiwaseme wakimbizi peke yao. Tunaye mtu aliyetengeneza pampu ya kiwanda miaka kumi na mitano, lakini katika orodha ya mishahara bado anaitwa "msaidizi". Akija kijana mwenye cheti analipwa mara mbili, na yule mzee ndiye anayemfundisha kazi. Shida ya mkimbizi asiye na karatasi na shida ya mwanachama wetu huyu ni moja, na dawa yake ni moja. Ada ya upimaji si ndogo kwa mtu anayelipwa kwa kilo. Basi chama kidai katika mkataba wa pamoja kwamba mwajiri alipe ada hiyo, kwa kuwa yeye ndiye anayefaidika na ujuzi.

KUSOMA KWA MTU MZIMA

Jambo la tatu ni kusoma. Hapa watu wengi wanakosea kwa kumwita mtu mzima darasani na kumfundisha kama mtoto wa miaka saba: a, e, i, o, u, na picha ya mbuzi. Mtu mwenye wajukuu anaona haya. Anakuja siku tatu, siku ya nne haonekani.

Mtu mzima husoma upesi kitu kinachomwuma. Na mchuma chai kinachomwuma ni mizani. Tuseme mama mmoja amechuma kilo 41, karani akaandika 38. Kilo tatu si nyingi machoni. Lakini kwa siku 26 za kazi ni kilo 78, yaani karibu siku mbili nzima alizomfanyia mwenye shamba bure, kila mwezi. Mama huyo ukimwambia njoo ujifunze kusoma namba za mizani na kuziandika katika daftari lako mwenyewe, atakuja hata kwa mvua. Baada ya namba atataka kujua jina lake likoje katika orodha. Kisha atataka kuisoma karatasi ya mshahara, mstari kwa mstari: hiki ni cha chama, hiki ni cha Mfuko wa Hifadhi ya Jamii. Tangu mwaka 2022 kila mwajiri, hata mwenye mfanyakazi mmoja, anapaswa kupeleka huko asilimia 10 juu ya asilimia 5 inayokatwa kwa mfanyakazi. Mtu anayeweza kuusoma mstari huo anaweza kuuliza kwa nini hauko.

Halafu atafika kwenye mkataba. Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zinasema kwamba mtu asiwekwe kibarua zaidi ya miezi minne. Baada ya hapo ana haki ya mkataba wa maandishi. Nimekwisha kuona shamba moja ambako watu waliachishwa kila mwezi wa nne na kuandikwa tena baada ya siku tatu, kama wageni. Walitia dole gumba kila mara, na hakuna aliyejua kwamba karatasi ilisema ameanza kazi leo. Miaka sita mtu anaanza kazi leo! Wangekuwa watano tu wenye kujua kusoma katika kundi lile, hila hiyo isingepita mara ya pili.

Jirani zetu wa Tanzania walilifahamu jambo hili zamani. Kuanzia mwaka 1968, katika mkoa wa Mwanza na pande za ziwani, walijaribu kufundisha watu wazima kwa vitabu vilivyozungumzia kazi zao wenyewe: mkulima wa pamba alijifunza kusoma kwa kitabu cha pamba, mvuvi kwa kitabu cha uvuvi. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere akautangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Na mwaka 1973 likatoka agizo la Waziri Mkuu kwamba mahali pa kazi pawe na masomo ya wafanyakazi, tena ndani ya saa za kazi. Mwaka 1967 karibu watu wazima 7 katika kila 10 nchini humo hawakujua kusoma. Kufika mwaka 1986 hesabu ya serikali ilionyesha kwamba wamebaki karibu 1 katika kila 10. Baadaye, uchumi ulipoharibika na vitabu na magazeti ya vijijini yalipoadimika, wengi walisahau, kwa kuwa kusoma ni kama panga, lisipotumika linashika kutu. Lakini somo limebaki: mtu mzima anasoma pale ambapo masomo yanahusu kazi yake na muda wake umeheshimiwa.

Uganda nayo ina mpango wa kisomo cha watu wazima tangu mwaka 1992, na walimu wake wa kujitolea wamefanya kazi kubwa kwa malipo madogo sana. Kinachokosekana ni kuuleta mpango huo getini petu. Masomo ya saa kumi jioni, baada ya mtu kuchuma tangu alfajiri, na nyumbani kuna watoto na kuni hazijatafutwa, ni masomo ya wanaume wasio na majukumu. Mama hawezi kuja. Saa moja ya mwajiri kwa wiki, wakati wa kazi, na mahali pa kuwaacha watoto wadogo: hapo utaona darasa linajaa.

MANENO TUNAYOSIKIA

Kuna wanachama wanaosema, "Tukiwasaidia watachukua kazi zetu." Ndugu, kazi wamekwisha kuipata, ndio hao wanaopalilia mistari ya jirani yako. Swali lililobaki ni kama wataifanya kwa bei yako au kwa nusu ya bei yako. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kutafuta kazi, na Sheria ya Ajira ya mwaka huohuo inakataza kumbagua mfanyakazi kwa asili ya taifa lake. Hatuwezi kuwafukuza, na hata tungeweza isingetufaa. Tena tujiulize sisi ni nani. Mashamba ya miwa ya Buganda na Busoga yalifyekwa na mikono ya watu waliotoka Rwanda, Burundi, Kongo na West Nile, wengi wao wakikimbia kazi za shuruti na kodi za wakoloni. Kiswahili hiki ninachoandika tulirithi kwao, kwa kuwa ndicho kilichowaunganisha katika kambi za vibarua. Babu zetu nao waliitwa wageni.

Waajiri wanasema, "Mimi nina kiwanda, sina shule." Vema. Lakini mwajiri huyohuyo analalamika kwamba dawa ya magugu imechanganywa vibaya, kwamba mtu ametia mkono katika mashini iliyoandikwa HATARI. Aliyeandikiwa onyo hakuweza kulisoma. Mkono ukikatika, kiwanda kinasimama kwa saa ngapi? Saa moja ya masomo kwa wiki ni rahisi kuliko hiyo.

Na wakubwa wanasema, "Tukiendelea kuwapa posho hawatafanya kazi." Aliyesema hivyo hajasimama njiani saa kumi na moja alfajiri akaona akina mama wanaotembea kilomita nane kwenda kupalilia shamba la mtu kwa debe la mihogo. Wanafanya kazi sasa hivi. Wanachokosa ni kazi yenye jina, bei na siku ya malipo. Kisha tusisahau kwamba si kila mtu atapelekwa kazini. Wapo wazee, wapo wagonjwa, wapo mama wachanga. Serikali yetu inawapa wazee walio katika orodha yake shilingi 25,000 kwa mwezi, na hakuna anayewaambia warudi kukata miwa. Heshima hiyohiyo wapewe wazee wa Nakivale na Kyangwali. Posho ya asiyeweza kazi ibaki posho, na anayeweza kazi apewe njia.

MATAWI YAFANYE NINI

Maneno bila kazi ni kelele. Ninapendekeza kila tawi lifanye haya.

Kwanza, tawi lichague mtu mmoja, mwanamke akipatikana ni vizuri zaidi, awe wa kuzungumza na vibarua wapya getini, wakimbizi na wenyeji, kwa Kiswahili na kwa lugha zao. Awaeleze kwamba kuandikwa jina ni haki yao na ni ulinzi wao, na mtu asitie dole gumba kwenye karatasi yoyote kabla hajasomewa mbele ya mwakilishi wa chama.

Pili, mkataba wa pamoja unapofunguliwa upya, tudai vipengele vitatu: saa moja ya masomo kwa wiki ndani ya saa za kazi, malipo ya kila wiki katika mwezi wa kwanza, na mwajiri alipie upimaji wa ujuzi. Bei ya kilo na bei ya kipande iwe moja kwa wote, mwenye kitambulisho cha taifa na mwenye kadi ya mkimbizi.

Tatu, viongozi wetu wa juu wapeleke kwa Ofisi ya Waziri Mkuu, ambayo ndiyo inayosimamia mambo ya wakimbizi, ombi hili moja: mtu anayeajiriwa asifutiwe posho yake kabla ya miezi mitatu, na ikiwa kazi itaisha msimu wa chai ukififia, arudishwe katika orodha bila kuanza upya. Bila ahadi hiyo watu wataendelea kujificha, na wanaojificha hawaingii chamani.

Nne, kila mwanachama anayejua kusoma amchukue mmoja asiyejua. Hakuna haja ya kungoja ubao wala mwalimu. Kalamu moja, daftari moja, na namba za mizani za leo. Anza na hizo.

Kabla ya mkutano ujao wa tawi, kila mwakilishi ahesabu katika kundi lake ni wangapi hawawezi kuisoma tikiti yao ya kilo. Asiwahesabu wakimbizi tu, awahesabu wote. Nina hakika idadi hiyo itatushtua, na itatuonyesha kwamba jembe tunalowadaia wageni wetu, wengi wetu nasi bado hatujapewa.

Umoja wa wafanyakazi udumu!